Kutu Itakayotoa Ushahidi
Dominika ya 26 ya Mwaka B
(Hes 11:25-29, Yak 5:1-6, Mk 9:38-43, 45, 47-48)



Wapendwa wasikilizaji, somo la pili la Dominika ya leo latoka katika Waraka wa Mtakatifu Yakobo, sura ya 5. Mtume anawakaripia matajiri waliolimbikiza mali huku wakizuia ujira wa wavunaji wao, kisha anatamka jambo ambalo masikio yetu hulipita upesi: kutu ya dhahabu na fedha yao itasimama kuwa shahidi dhidi yao. Dhahabu haishiki kutu, na bila shaka Yakobo alilijua hilo. Lakini tuiache dhahabu, ambayo wengi wetu hatunayo, tuzungumzie chuma; na hasa chuma tunachokinunua kutoka ng'ambo bila kukiona.

Katika barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, magari mengi tunayopanda yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Sababu zake zaeleweka. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao ya ukaguzi wa mara kwa mara humfanya mwenye gari la zamani aone gharama kulitunza, hivyo hulipeleka mnadani. Huku kwetu familia huweka akiba ya kahawa ya misimu kadhaa, au ndugu huchangishana, fedha zikatumwa, na gari likapakiwa melini hadi Dar es Salaam. Muda wote huo, alichokiona mnunuzi ni picha.

Picha haioneshi uvungu wa gari. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka kwa wingi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu, ikajificha katika maungio ya fremu na kwenye kingo za chini ya milango, ikala chuma kwa miaka. Gari la namna hiyo likifika Bukoba, penye mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, kutu haipati likizo. Mwenye kutaka kuliuza tena hulipaka chini rangi nyeusi nzito kama lami, akaziba matundu ya bodi, akapulizia rangi juu. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; hawakuijua rangi ya kupuliza.

Na ushahidi ulikuwapo tangu mwanzo. Katika minada ya Japani mkaguzi huandika karatasi ya hali ya gari, na herufi S katika mchoro wake huonesha mahali penye kutu, kwa maana kutu kwa Kijapani ni sabi. Palipoliwa zaidi huandikwa C. Mnunuzi anayo haki ya kuidai karatasi hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja. Gari likiwa tayari hapa, na ainuliwe zulia la sakafuni, apite na sumaku kwenye bodi aone mahali isiposhika, amwombe fundi asiye rafiki wa muuzaji aingie uvunguni na kugonga fremu. Muuzaji akikasirika kwa hayo, kukasirika kwake nako ni ushahidi.

Wajapani wenyewe huiheshimu kutu inaposema kweli. Katika panga zao za kale, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ambapo mhunzi aliweza kuchonga jina lake, haisuguliwi kamwe. Kutu yake nyeusi ya miaka mingi huwasaidia wajuzi kutambua umri wa upanga. Kutu nyekundu ni jambo jingine: hiyo ni changa na bado inakula. Wako watu wa Ulaya na Marekani wanaonunua panga hizo kwa picha, wakaletewa chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kumbe thamani yake imetoka pamoja na kutu ile ya zamani.

Nasi wa Buhaya si wageni wa mambo haya. Pale Katuruka, karibu na Maruku, watafiti waliochimba tangu mwaka 1970 walikuta mabaki ya tanuru za chuma za miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Wahunzi wale hawakuacha maandishi. Mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo ndivyo vilivyowashuhudia kwamba walikuwa mafundi hodari.

Turudi kwa muuzaji wa leo. Husikika akisema: mnunuzi ana macho, angetazama. Kanisa halikubali udhuru huo. Katekisimu, namba 2409, inaweka udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba, na papo hapo inataja ujira usio wa haki, kama Yakobo. Namba 2412 inadai kurudisha kilichochukuliwa kwa dhuluma. Tena hapa hasara si ya fedha tu. Fremu iliyooza haivunjiki siku ya kuuziana; hukatika kwenye mteremko, gari likiwa limejaa akina mama watokao sokoni, ambao hawakuuza wala hawakununua.

Katika Injili Bwana anasema habari za mkono unaomkosesha mtu. Tunadhani mkono ulioshika brashi ya kufunika kutu umo katika hesabu hiyo. Basi, ndugu, ikiwa yuko anayesikiliza naye ajua kwamba gari alilouza lina fremu iliyoliwa na bado linabeba watu, asingoje Jumamosi aende kwenye Kitubio kwanza. Amtafute dereva leo hii, kabla hajawasha gari, amwambie ni upande gani. Na habari ya fedha waizungumze baadaye, gari likiwa limesimama.