Kuanza na Ushanga Mweupe: Kurekebisha Rangi za Picha za Bidhaa Kajiado



Wengi wetu hapa Kitengela tunaishi kwa kupiga picha za bidhaa, na zaidi ya yote mikufu ya shanga inayotungwa na akina mama wa Kajiado. Mnunuzi aliye Mombasa au Muscat haushiki mkufu mkononi. Anaiamini picha, na akiletewa rangi nyingine, anayelaumiwa ni mama aliyetunga.

Ili kujua rangi inapopotokea, tuanze na jinsi inavyopimwa. Mwaka 1978 Mmarekani Alvy Ray Smith alichapisha njia ya kuieleza rangi kwa vipimo vitatu vilivyo karibu na jinsi mtu anavyoizungumzia. Kwanza ni aina ya rangi, inayohesabiwa kwa nyuzi za duara: nyekundu 0, njano 60, kijani 120, buluu 240. Pili ni ukolevu. Shuka mpya imekolea. Iliyoanikwa juani mwaka mzima imepauka. Tatu ni mwangaza. Fungua kichaguzi cha rangi cha GIMP, programu isiyolipiwa, utaviona kwa herufi H, S na V.

Sasa tutazame ushanga mmoja mweupe, uliopigwa picha chini ya turubai la buluu kando ya barabara ya Namanga. Ukiupima, unasoma nyekundu 180, kijani 195, buluu 240. Mwangaza wake ni asilimia 94, hauna neno. Lakini ukolevu ni 25, na cheupe halisi hakina ukolevu hata kidogo. Buluu ya turubai imeingia kwenye ushanga huo, na kwa hiyo imeingia kwenye mkufu mzima.

Hapa ndipo vijana hukimbilia kuzungusha aina ya rangi. Ukiizungusha picha nzima kwa nyuzi 30, nyekundu inageuka chungwa, na cheupe chako kinabaki na doa, ila la rangi nyingine. Kwa Wamaasai nyekundu ni damu na ushujaa. Haibadilishwi kwa sababu ya turubai. Dawa ni kuiambia programu, kwenye zana ya viwango, kwamba ushanga ule ndio weupe. Rangi nyingine zitajirudi zenyewe.

Mwangaza nao una mtego. Kipimo hiki huangalia tu namba kubwa kati ya zile tatu, basi buluu kamili na njano kamili zote husoma 100, ingawa jicho lolote huiona njano iking'aa zaidi. Namba ikisema sawa, bado tazama.

Ukolevu niliujua kwa uchungu. Niliwahi kuupandisha sana ili mkufu uvutie kwenye simu. Mama aliyeutunga aliitazama picha, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akaniuliza chungwa lake limekwenda wapi. Lilikuwa limemezwa na nyekundu. Ukitaka kugusa nyekundu peke yake, kumbuka kwamba GIMP hukata duara vipande sita, na chungwa, kwenye nyuzi 30, limekaa mpakani kabisa mwa nyekundu na njano. Panua kidogo mwingiliano wa vipande, kisha punguza mkono.

Tangu siku ile siitumi picha kabla mama hajaulaza mkufu wenyewe kando ya skrini, mlangoni penye mwanga wa jua, tukahesabu mistari pamoja.