Kuondoa Kiyoyozi Bila Kupoteza Joto

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari ya lile gari linalochukua gengi letu la njia. Sisi si mafundi wa motokaa, sisi ni watu wa reli. Lakini tunasikia wengine wenu mmeanza kufungua viyoyozi vya magari kwa spana zenu, na sisi jambo hilo limekwisha kutuumiza.

Kompresa ya kiyoyozi ilianza kushika, na mkanda ukatoa moshi. Mkanda ule ndio unaozungusha pampu ya maji pia, basi ukikatika njiani, injini huchemka. Tena nani anataka hewa ya baridi huko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari? Tukakubali kitolewe. Shauri lilikuwa jema. Kazi ndiyo iliyokuwa mbaya.

Karakana iliyopewa kazi hatuitaji. Fundi alilegeza bomba ndani ya banda lililofungwa, na gesi ingali imejaa. Ikaruka, ikampiga mwenzetu mkononi, ngozi ikaganda na kutoka malengelenge kama ya moto. Gesi iliyo katika magari mengi, iitwayo R-134a, huchemka kwa digrii 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikigusa mwili huugandisha. Tena ni nzito kuliko hewa. Katika shimo la kukagulia magari yaweza kumnyima mtu pumzi. Na ikiachwa hewani, kilo moja yake huongeza joto la dunia kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Iko mashine ya kuifyonza na kuitia katika chupa. Hiyo ije kwanza, spana baadaye.

Kosa la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Fundi aliona mipira miwili inaingia ukutani nyuma ya injini, akadhani ni ya kiyoyozi, akaikata na kuiziba. Kumbe ndiyo ya hita! Hiyo huchukua maji ya moto kutoka injini mpaka kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza joto lake ndani na juu ya kioo. Asubuhi ya pili tulikuwa watu tisa katika ukungu, pumzi zetu zimefunika kioo chote, dereva anafuta kwa kofia. Taa za lori tuliziona zimekwisha kufika. Alivuta usukani, tukaingia mtaroni. Mungu alitusaidia.

Basi tazameni hivi. Injini ikipata moto na hita ikifunguliwa, mipira yake miwili huwa ya moto, hiyo msiiguse. Mabomba ya kiyoyozi ni ya aluminiamu, moja nene na moja jembamba. Kile kipozeo kilichomo ndani mara nyingi kimo katika sanduku moja na rejeta ya hita. Kiacheni humo, mzibe mabomba yake tu. Ukikitoa, huna budi kung'oa dashibodi nzima, na tundu litakalobaki ukutani litaingiza moshi wa injini.

Mahali pa kompresa patiwe puli tupu, au mkanda mfupi zaidi kama njia yake inaruhusu. Hapa angalieni sana: mkanda ukipitishwa vingine, pampu ya maji yaweza kuzunguka kinyumenyume, na injini itachemka hali kila kitu kinaonekana kizima. Ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele yaweza kutolewa, lakini feni ya umeme iliyo karibu nayo pengine huipoza injini pia. Isitolewe ovyo.

Jambo moja tunalikubali: kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo bila yake kioo huchelewa kuwa cheupe. Dereva apulizie joto kiooni, aingize hewa ya nje, na dirisha liwe wazi kidogo. Wenye kuona baridi wavae makoti.

Mipira imerudishwa, na gari lina joto. Mwenzetu amepona mkono, ila kidole kimoja hakijapata hisia. Tumeandika barua ofisini, tukitaka gesi ifyonzwe kwa mashine kila mara, na hita ijaribiwe kabla gengi halijapanda. Jibu halijaja. Mwenyekiti anayo nakala, na wanaotaka kutia sahihi wamwone leo kabla ya kutoka.