Michoro ya Katuni: Tuitambue Kabla ya Kuitupa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Bila shaka mlitarajia mtumishi wa serikali azungumzie utumishi. Nitauzungumzia, ila kwa njia ya katuni.

Wa rika langu watakumbuka bweni letu miaka ya 1990. Nakala moja ya gazeti la Sani ilizunguka vitanda vyote, ikarudi kwa mwenyewe haina jalada. Tulimjua Ndumilakuwili kuliko tulivyozijua kanuni za kemia. Kaka zetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Lakini nani kati yetu alijiuliza: ile karatasi aliyoichora msanii kwa mkono wake, baada ya kutoka kiwandani, ilikwenda wapi?

Mimi nalijua jibu la sehemu ndogo, kwa kuwa niliiteketeza. Mwaka 2009, nikiwa afisa kijana katika ofisi moja, nilipangiwa kusafisha stoo. Humo mlikuwa na sanduku la michoro ya gazeti la zamani la elimu ya watu wazima: mkulima na jembe lake, mama na kibatari. Karatasi zilikuwa zimepakwapakwa rangi nyeupe, zimebandikwa viraka, na pembeni zimeandikwa kwa penseli ya buluu. Nikadhani ni kazi iliyoharibika. Nikaandika "takataka", nikatia saini, zikachomwa pamoja na stakabadhi.

Mhudumu mmoja mzee alikuwa ameokota karatasi moja na kuitandika kwenye sinia la chai. Miaka mitatu baadaye mchapaji mstaafu, mgeni wa ofisi, aliinua kikombe chake, akaitazama, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Nyingine ziko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu zangu, mzee yule ndiye aliyenifundisha. Alama zile nilizoziona kuwa uchafu ndizo ushahidi. Rangi nyeupe ilifunika makosa ya wino. Viraka vilibeba maneno yaliyosahihishwa. Penseli ya buluu hafifu ilitumika kwa sababu kamera ya kiwandani haikuinasa, hivyo msanii na mhariri waliandikiana maagizo juu ya mchoro wenyewe bila kuyafuta.

Yako na mambo mengine ya kutazama. Chukua kioo cha kukuzia: picha iliyochapwa aghalabu huonyesha vidoto vilivyopangwa safu safu. Mistari mitupu huweza kuchapwa bila vidoto, kwa hiyo inamisha karatasi kwenye mwanga. Katika mchoro wa mkono, weusi hauko sawasawa. Utaona njia ya brashi, na penseli chini ya wino. Pima pia ukubwa, maana wasanii walichora kwa ukubwa, kiwanda kikapunguza. Huko Marekani, kurasa za vitabu vya katuni zilichorwa katika eneo la takriban inchi 12 kwa 18 hadi mwaka 1967 hivi, kisha inchi 10 kwa 15. Tena zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilitiwa kwa hatua nyingine. Ukiuziwa ukurasa wa zamani wa huko wenye rangi kamili, shuku kwanza. Wala saini pekee si uthibitisho, kwani saini nayo huchapwa.

Hata Marekani michoro hiyo ilitupwa kwa miaka mingi. Leo mambo yamegeuka. Januari 2022 ukurasa mmoja wa Spider-Man, uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, uliuzwa mnadani Dallas kwa dola milioni 3.36. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2008: mtu asiyejitaja jina aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 za Steve Ditko, zikiwamo zile za hadithi ya kwanza kabisa ya Spider-Man ya mwaka 1962. Angeweza kuwa tajiri. Alichagua kila mtu azione.

Karatasi ile ya sinia haikuwa yangu. Niliisafisha vumbi, nikairudisha ofisini kwa barua nikieleza kosa langu. Imo katika kumbukumbu, na duara la kikombe lingalipo.

Ombi langu ni dogo. Gazeti letu la shule lilichorwa majalada na wanafunzi, miaka nenda miaka rudi. Mwalimu Mkuu, kabla stoo haijasafishwa, tuiteni. Ninyi wenzangu, fungueni masanduku yenu nyumbani. Mkiupata mchoro, ulazeni bapa mahali pakavu, msiukunje, msiubandike selotepu, na nyuma yake andikeni kwa penseli laini jina la mchoraji na mwaka.

Nanyi wadogo zangu, siku moja mtapewa kalamu ya kutia saini. Kabla hamjaandika "takataka", muulizeni mzee aliye karibu.