Fasi ya robine ni ya nani?

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wetu wa uwanjani kwenye mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Sekretere aliniomba nitoe habari za mtaa kwa dakika kumi: robine, kanivo, na ile fasi wazi iliyo mbele ya robine, pale watoto wanapocheza mpira. Nitazitoa. Lakini nyote munajua kuna neno linalosemwa pembeni tangu wiki mbili, kwenye foleni ya maji, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Nisipolisema hapa nitakuwa nimekuja kuwapotezea wakati. Neno lenyewe ni hili: fasi ile ni ya nani?

Nianze na yale mepesi. Kanivo imesafishwa kutoka juu mpaka karibu na wauza ndagala. Kipande cha chini bado, na pale maji yanasimama, yanakuwa ya kijani, na watoto wanayakanyaga wakienda masomo. Mvua ikianza kabla hatujamaliza, uchafu wote wa juu utaishia hapo, na huku kwetu hakuna mtu anayehitaji kufundishwa kipindupindu kinaanzia wapi. Robine mbili zinatoa maji vizuri. Ya tatu mpira wake wa ndani umekwisha, ni kitu kidogo, komite imekwisha kuagiza mwingine. Mabenchi mawili yamepakwa rangi. Hayo ndiyo mepesi.

Sasa tuende kwenye fasi yenyewe.

Siku za kwanza nilipoanza kazi katika mtaa huu, ilikuwa ni jalala. Majani marefu, vipande vya matofali, mbuzi. Mimi niliandika kwenye ripoti yangu: «kiwanja kisicho na mwenyewe». Mzee mmoja aliposikia hivyo, alinichukua asubuhi moja mpaka pale, akapiga chini na fimbo yake, akasema: «Mtoto yangu, hapa palikuwaka lubunga.»

Vijana waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu huenda wamelisikia neno tu bila kukiona kitu chenyewe. Lubunga, kwa sisi Babembe, ni pale wanaume wa kijiji wanapokaa. Ni banda lisilofungwa, moto katikati. Mgeni akifika anapokelewa pale kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Kesi ya mbuzi, ya shamba, ya mahari, inakatwa pale mbele ya wote. Hakuna mtu aliyeweza kuuza fasi ya lubunga, maana angeuza nini, na kwa nani?

Niliirudia habari hiyo kwenye mkutano wa wamama, nikiwa nimefurahi sana na ujuzi wangu mpya. Mama mmoja akanisahihisha palepale. «Lubunga ilikuwa yenu wanaume. Sisi tulikuwa tunapita mbali, tukibeba chakula.» Nilimrudishia mzee neno hilo. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: «Basi robine ndiyo lubunga ya wamama. Wajengeeni benchi.» Ndiyo asili ya yale mabenchi, kwa wafadhili waliouliza kwa nini tuliomba mbao wakati mradi ulikuwa wa maji.

Mwaka 1996 vita vilipofika, watu wa huku walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wakaenda Kigoma. Mimi nilikuwa mtoto, nilibebwa. Nilikulia Lugufu. Tulianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka mwezi wa kumi 2005, na familia baada ya familia tulikuta vitu vilevile: nyumba hakuna, mti wa mpaka umekatwa, mtu mwingine amelima kwa nia njema au kwa nia mbaya. Lubunga ilikuwa imekuwa pori, kisha jalala.

Hapa nataka kusema kosa, na kosa hilo lilikuwa langu. Robine ilipojengwa, mimi ndiye niliyechora kibao. Kilikuwa kizuri, chenye rangi ya buluu, na maneno makubwa: mradi wa waliorudi. Niliona ni heshima kwa wanachama na shukrani kwa wafadhili. Kibao kilisimama pale miezi michache. Kisha asubuhi moja tukakuta robine imevunjwa kwa jiwe. Mpaka leo hatujui ni nani. Na siku ileile, mama mmoja wa wale waliobaki wakati wote wa vita, ambaye hakukimbia kwa sababu mama yake mzazi hakuweza kutembea, aliniambia mbele ya watu: «Wakati ninyi mulikuwaka munakula posho kule Tanzania, sisi tulikuwa tunakunywa maji ya ziwa, risasi juu ya kichwa. Sasa mumerudi na robine yenu.»

Sikuwa na jibu. Sina hata leo. Tulikiondoa kibao jioni ile, na bati lake sasa linafunika banda la kuku la mlinzi. Komite ikapangwa upya, nusu waliorudi na nusu waliobaki, na mwenye kushika kitabu cha makuta ni mmoja wa waliobaki. Kitabu kinaning'inia kwenye msumari pale robine, mtu yeyote anakifungua. Tangu hapo hakuna jiwe lililotupwa.

Nilijiuliza sana kwa nini mimi, mtoto wa hapa, mwenye diploma ya chuo kikuu, sikuliona jambo hilo. Nadhani ni kambi. Kambini kitu cha wote kilikuwa kitu cha shirika. Robine ikivunjika unaliambia shirika. Choo kikijaa unaliambia shirika. Kibao chenye alama ndicho kilichokuambia nani ataulizwa. Sisi tuliokulia kule tumerudi na akili hiyo ndani ya mifuko yetu, pamoja na masufuria na maturubai. Na wazee waliobaki huku nao wana akili yao: wakisikia kazi ya pamoja wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, jembe mkononi Jumamosi kwa kuogopa polisi. Kwa hiyo munapoona watu hawaji salongo yetu, msiharakishe kusema ni wavivu.

Hata hivyo fasi imefanya kazi yake. Ziwa lilipopanda 2020 na 2021 na kuingia katika nyumba za chini, familia za wavuvi zililala pale, juu ya kilima kidogo karibu na robine, mpaka zilipopata pa kwenda. Hakuna aliyeuliza nani ni rapatriye na nani alibaki. Kama pangekuwa pamejengwa, wangelala barabarani. Ndiyo sababu kubwa ninayoipenda fasi hii kuliko hata mpira wa watoto, ambao, niseme kweli, umekwisha kuvunja dirisha la nyumba ninayokaa mara mbili.

Sasa neno la pembeni. Wiki mbili zilizopita, siku ya kwanza ya kazi, walikuja vijana wakapiga vijiti vinne pale, wakafunga kamba. Wanasema wametumwa na mtu aliyenunua. Nimeonyeshwa fotokopi ya karatasi. Sitataja jina la mnunuzi wala la aliyetia sahihi, na nawaomba ninyi pia msitaje majina leo, maana tuko mbele ya watu na jambo bado halijasikilizwa. Shefu wa mtaa ameomba vijiti visiguswe na ujenzi usianze. Mpaka asubuhi hii pande zote mbili zimemtii, na tumshukuru.

Watu wengi wameniuliza sheria inasema nini. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Leta. Wengi wanaishia hapo, wanasema basi hakuna la kufanya, Leta itampa inayemtaka. Hapana. Sheria hiyohiyo inagawa udongo wa Leta mara mbili. Kuna ule uliowekwa kwa matumizi ya watu wote au kwa kazi ya Leta, na kuna ule mwingine ambao Leta inaweza kumpa mtu kwa mkataba. Ule wa kwanza hauwezi kupewa mtu isipokuwa umeondolewa kwanza, kwa utaratibu, katika matumizi hayo. Na karatasi ya kuuziana iliyoandikwa mtaani na kupigwa muhuri si ile sertifika inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi.

Lakini tusimcheke mwenye karatasi. Wengi wetu humu ndani, viwanja tunavyolala juu yake vina karatasi ya namna hiyohiyo, au havina kabisa. Na sisi pia, juu ya fasi ya robine, tuna nini? Tuna kumbukumbu ya mzee mmoja mwenye fimbo. Hakuna kitabu cha ofisi yoyote kinachoandika kwamba pale ni pa watu wote. Sheria inalinda kile kinachojulikana. Leta haijui kwamba pale pana watoto, foleni ya maji na mabenchi mawili. Hilo ndilo shimo letu, na yeyote mwenye makuta kidogo anaweza kupita ndani yake.

Kuna wanachama wanaotaka tuandikishe fasi kwa jina la asosiasyo yetu. Nimewasikiliza, si watu wabaya. Wanasema: tuko na hati zetu, tuko na muhuri, tuko na wafadhili, tujihami. Mfadhili mmoja naye ameniandikia kwamba ingekuwa rahisi kwake kusaidia kiwanja ambacho mwenyewe wake anajulikana. Kwa heshima yote, mimi ninapinga. Siku tutakapoandika jina letu juu ya udongo ule, tutakuwa tumekirudisha kile kibao cha buluu, na safari hii kwa jiwe la mpaka ambalo halitolewi jioni moja. Yule mama atakuwa na haki ya kusema robine yenu, kiwanja chenu, na komite ya nusu kwa nusu itakufa. Kesho watoto wetu watakapogombana na watoto wao, mtakumbuka nilisema.

Ninachoomba ni kitu kingine. Barua moja, itiwe sahihi na shefu wa mtaa, na komite ya robine, na wazee waliobaki, na sisi, sahihi zote juu ya karatasi moja. Iombe fasi ile ipimwe na jometa wa kadasta, mawe ya mpaka yapandwe, na ripoti ya upimaji iandike waziwazi kwamba ni ya matumizi ya watu wote: maji, mchezo, mikutano, na kulala wakati wa janga. Nakala moja ikae kwa shefu, moja kwa komite, moja kwetu. Mnunuzi naye aitwe asikilizwe, kama alitoa makuta kwa nia njema basi aelekezwe kwa aliyeyapokea. Kama wazee watakubali, asikilizwe palepale kwenye fasi, mchana, watu wote wakiona. Na wamama wakikaa, si wakipita mbali.

Hapa niseme na wafadhili. Kwenye bajeti ya muhula huu kuna makuta ya bembea na ya benchi la tatu. Nawaomba, kama munakubali, yahamie kwenye upimaji: ada za ofisi zenye risiti, usafiri wa jometa, saruji ya mawe. Hakuna bahasha, kila franga itakuwa na karatasi yake. Najua picha ya mtoto kwenye bembea ni nzuri kuliko picha ya jiwe la mpaka. Nimefanya kazi hii miaka ya kutosha, nimepiga picha nyingi za robine siku ya kufunguliwa, na baadhi ya robine hizo leo ziko ndani ya ukuta wa mtu. Bembea zitakuja. Zikitangulia, tutakuwa tumempambia mwingine uwanja wake.

Wanachama wanaotaka jina la asosiasyo watasema sasa hivi baada yangu, na tuwasikilize bila kelele. Kisha prezida atawauliza munyooshe mikono. Mimi sina sauti katika kura, ni mfanyakazi tu, na nitaifanya kazi mtakayoiamua, hata kama ni ile nisiyoipenda.

Mukikubali barua, itapitishwa Jumamosi hii saa moja asubuhi palepale fasi, pamoja na salongo ya kile kipande cha chini cha kanivo. Mwenye jembe alete, asiye na jembe alete bidoni la kumwagia matope. Nimekwisha kuongea na yule mama. Amesema atakuja kuangalia kwanza kama tunafika kweli.