Hadubini Inayotazama Seli Hai, na Tezi ya Ng'ombe Wako
Hotuba kwa wafugaji wa Lanet



Lanet ina kituo cha KALRO cha utafiti wa ng'ombe wa nyama, kwa hivyo utafiti si jambo geni hapa. Ndigana kali nayo si ngeni. Ng'ombe anaumwa na kupe, siku chache baadaye tezi ya chini ya sikio inavimba, homa inapanda, anaacha kula. Asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya wiki tatu au nne. Maziwa yamekwenda, na karo ya mtoto pia.

Daktari wa mifugo akifika, huchoma tezi hiyo kwa sindano, huvuta majimaji kidogo, huyapaka kwenye kioo na kuyatia rangi. Kwa hadubini huona kimelea cha Theileria parva ndani ya seli nyeupe za damu. Hiyo yatosha kuanza matibabu. Lakini seli hizo zimeshakufa. Ni kama picha moja ya mechi: mpira unaonekana ulipo, hauonekani unakokwenda.

Ndipo wanasayansi wakatafuta namna ya kutazama seli ndani ya mnyama aliye hai. Panya wa maabara hupewa dawa ya usingizi, kisha hadubini ya miale ya leza humulika seli zilizofanywa zing'ae. Akiwekewa kidirisha cha kioo kwenye ngozi, panya yuleyule hutazamwa siku baada ya siku. Zamani kila hatua ya ugonjwa iligharimu panya mwingine. Hapa Kenya, majaribio kwa wanyama yanahitaji leseni chini ya Sura ya 360 ya sheria.

Wameona nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, seli za kinga zilionekana zikizunguka ndani ya tezi bila kutulia, kama askari wa doria. Mwaka 2006, watafiti wa Institut Pasteur, Paris, walifuata vimelea vya malaria kwenye ngozi ya panya. Baadhi viliingia kwenye damu. Vingine vilifika hadi kwenye tezi. Yote hayo hutokea kabla homa haijaanza.

Leza hiyo haipenyi hata milimita moja, basi kwa ng'ombe bado tunategemea sindano na kioo. Funzo, hata hivyo, ni lilelile: tezi ikivimba, kimelea kimekwisha kutangulia. Dawa ya buparvaquone hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema. Ipo pia chanjo iliyotengenezwa Muguga miaka ya 1970: kimelea hai hudungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, na mwili ukajifunza kujikinga.

Kwa hivyo, papaseni masikio ya mifugo yenu, ogesheni dhidi ya kupe, ulizeni afisa wa mifugo wa wadi kuhusu chanjo. Tezi ikivimba leo, daktari aitwe leo.