Theluji Ilalayo Mlimani

(Maelezo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu huko Austria, ambako nimekaa miaka kadhaa nikipima theluji ya milimani. Nitasema jambo moja tu: jinsi theluji inavyoporomoka na kuua.

Wengi hudhani theluji ni kitu kimoja cheupe. Sivyo. Ukichimba shimo utakuta tabaka juu ya tabaka, maana kila dhoruba imeacha lake. Usiku usio na mawingu, theluji ya juu hupoa mno, ilhali ile iliyo karibu na ardhi hubaki na joto kidogo. Tofauti hiyo huzigeuza chembe ziwe kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizishika humwagika kama sukari. Kisha upepo hurundika theluji mpya juu yake, ikashikamana kuwa bamba zito. Kikulacho ki nguoni mwako: mtu mmoja akipita, tabaka la chini huvunjika, ufa hukimbia, na bamba zima huteremka. Hatari zaidi ni miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mara nyingi anayeliangusha ni yule yule linayemfukia, au mwenziwe.

Lakini hata aliye nyumbani hufikiwa. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji na upepo, poromoko lilikipiga kijiji cha Galtür likaua watu 31. Kesho yake watu 7 walikufa Valzur, jirani. Baadhi ya nyumba zilizobomoka zilikuwa katika eneo lililoandikwa kwenye ramani kuwa salama. Ramani ilifuata maporomoko yaliyojulikana. Mlima ulileta lisilojulikana. Baadaye ramani zilichorwa upya na kuta zikajengwa.

Aliyefukiwa huuawa zaidi na kukosa hewa kuliko baridi. Akifukuliwa ndani ya dakika 10 matumaini ni makubwa; ikipita nusu saa ni madogo. Kwa hiyo mwokozi wake ni mwenzake aliye karibu, mwenye redio ya kutafutia, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo.

Tangu 1993 nchi za Ulaya hutangaza hatari kwa daraja 5. Wengi hawafi siku ya daraja la 5, kwani siku hiyo watu hubaki ndani. Hufa siku ya daraja la 3, jua likiwaka na mlima ukipendeza.

Vijana, baadhi yenu mtasoma nchi za baridi, na marafiki watawaalika mlimani. Ulizeni: leo ni daraja la ngapi? Mteremko una nyuzi ngapi? Nani ana koleo? Wasipojibu, bakini bondeni mnywe chai. Kuuliza si ujinga. Tulifundishwa hivyo humu humu.