MOTERI KUBWA INATAKA MAZUTU YA KIPIMO CHAKE

Mimi ni kijana mbele yenu, lakini nina neno moja juu ya mashini ya kusaga mahindi. Neno hili nilijifunza kwa hasara.

Kijiji kimoja cha upande wa migodi kilikuwa na moteri ya mazutu ya silinda moja, nguvu yake kilowati 6. Mahindi yakazidi. Watu wakakusanya feza ya mavuno mawili, wakanunua moteri ya kilowati 12. Ilikuja bila pompa ya mazutu na bila enjektere, ndiyo kile kinyunyizo kinachoingiza mazutu ndani ya silinda. Wakasema: "Tutie vile vya zamani." Mimi nilikuwapo, nikakubali.

Moteri iliwaka. Lakini mahindi yalipoingia, ikachoka, ikazimika. Tukageuza parafujo ya pompa ili mazutu yazidi. Moshi mweusi ukatoka, bomba likawa jekundu. Siku ya nne pistoni ikashikamana na silinda. Wamama wakarudi kwenye kinu na mchi.

Sababu ni nini? Mama akipika bukari katika chungu kikubwa, anazidisha maji, anazidisha unga pia. Silinda ni chungu, hewa ni maji, mazutu ni unga. Moteri kubwa inavuta hewa nyingi, inataka mazutu mengi, tena kwa saa yake. Enjektere ndogo ina matundu membamba. Mazutu mengi hayapiti upesi. Mengine yanaingia wakati pistoni inashuka. Hayo hayasukumi kazi, yanaunguza chuma. Na enjektere kubwa katika moteri ndogo? Unga umezidi maji: moshi mweusi, na mazutu yanaosha oili kwenye silinda.

Hesabuni pamoja nami. Moteri ya mazutu inakula karibu gramu 250 kwa kila kilowati kwa saa moja. Kwa kilowati 6 ni kilo 1 na nusu. Kwa kilowati 12 ni kilo 3. Ikizunguka mara 1500 kwa dakika, enjektere inanyunyiza mara 750. Basi kila mara ile ndogo inapata miligramu 33, ile kubwa miligramu 67. Ni tone dogo sana, lakini likikosa kipimo, feza ya kijiji inapotea.

Basi fanyeni hivi:

1. Someni namba kwenye kibati cha moteri. Nunueni pompa na enjektere za namba ile.

2. Fundi aijaribu enjektere kwa chombo cha kupimia nguvu ya msukumo. Mazutu yatoke kama ukungu, yasidondoke. Mtu asiweke mkono mbele yake: yanapenya ngozi, naye atahitaji daktari upesi.

3. Fundi apange saa ya kunyunyiza kwa alama ya gurudumu.

4. Washeni bila mahindi, kisha tieni kidogo, kisha mengi. Moshi ukiwa mweusi, punguzeni mahindi, tazameni chujio la hewa, mwiteni fundi. Msiguse parafujo ya pompa.

Mtu akinunua moteri tu, amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipatia kipimo chake. Kijiji kile kilingoja mavuno mengine. Ninyi msingoje.